SOMO LA MWEZI: DAWA YA MTI HUPIMWAJE KWA MARADHI YA SARATANI?



Katika masomo yaliyopita tumezungumza juu ya uanikaji wa karafuu, utunzaji wa miche na namna ya kuyatambua maradhi ya mikarafuu. Mwezi huu twaacha shamba kidogo twende maabara. Wanachama wengi, wake kwa waume, wametuuliza swali moja: je, ni kweli kwamba karafuu yaua saratani?

Jawabu letu ni hili. Katika kisahani cha maabara, ndiyo, imekwisha kuonekana ikiua seli za saratani. Katika mwili wa mgonjwa, hapana aliyekwisha kuonyesha kwamba karafuu imemponya mtu. Tofauti iliyopo baina ya majawabu haya mawili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na hiyo ndiyo iliyo somo letu. Twaomba kila mwanachama alisome mpaka mwisho, kwa sababu liko shauri mbele ya chama linalohitaji maarifa haya.

1. Saratani ni nini

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno zilizo hai, ziitwazo seli, zisizoonekana ila kwa hadubini. Kila seli ina mpango wake: huzaliwa, hufanya kazi yake, hugawanyika ikiwa ipo haja, kisha hufa. Saratani huanza pale seli moja inapoharibika mpango wake, ikawa yagawanyika bila ya kiasi, na zizaliwazo nayo hufanya vivyo hivyo. Mwisho huwa uvimbe, au huenea katika damu, na baadhi ya seli hizo huhama zikaota mahali pengine mwilini.

Hapo ndipo penye ugumu. Seli ya saratani si mdudu aliyeingia kutoka nje. Ni seli ya mgonjwa mwenyewe iliyoasi. Kuiua si kazi. Maji ya moto huiua, chumvi nyingi huiua, spiriti huiua. Kazi ni kuiua hiyo na kuisalimisha iliyo jirani yake. Kila mkulima ajua kwamba moto huondoa magugu yote shambani kwa siku moja, lakini hapana mkulima mwenye akili atiaye moto chini ya mikarafuu yake.

2. Kutoka shambani mpaka kwenye chupa

Sisi twaamini kwamba Mwenyezi Mungu ametia manufaa mengi katika mimea, na wazee wetu waliyajua mengi katika hayo. Lakini mtaalamu atakaye kupima dawa ya mti hana budi kuanza na mambo matatu.

Jambo la kwanza ni jina. Mti mmoja huweza kuwa na majina mawili au matatu kutoka Micheweni mpaka Mkoani, na jina moja huweza kuitwa miti miwili isiyo na udugu. Kwa hiyo mtaalamu huchukua tawi lenye majani na maua, akalikausha na kulihifadhi katika makumbusho ya mimea, pamoja na tarehe na mahali lilipotoka. Akija mwingine baada ya miaka 50, ataweza kuhakikisha kwamba mti uliopimwa ni ule ule.

Jambo la pili ni hali ya kitu chenyewe. Hapa hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Karafuu iliyochumwa kwa wakati wake na kuanikwa vizuri si sawa na iliyovunda, wala karafuu si sawa na makonyo. Katika karafuu kavu iliyo nzuri mna mafuta kiasi cha sehemu 15 mpaka 20 katika 100, na katika mafuta hayo sehemu kubwa, aghalabu zaidi ya 70 katika 100, ni kitu kiitwacho yujenoli, ambacho ndicho kitoacho ile harufu tunayoijua. Wapimaji wawili wakitumia karafuu za hali mbili, watapata majawabu mawili.

Jambo la tatu ni namna ya kuitoa dawa. Mmea hukaushwa, husagwa, kisha huroweshwa. Huyu atarowesha kwa maji, yule kwa spiriti, mwingine kwa kioevu cha jamii ya petroli. Maji hutoa vitu ambavyo mafuta hayatoi, na spiriti hutoa vitu ambavyo maji hayatoi. Baadaye huchujwa, na kile kioevu hufukizwa kwa moto mdogo mpaka ukabaki unga au rojo. Hicho kilichobaki ndicho tutakachokiita mchujo. Hupimwa kwa mizani na kuwekwa katika baridi.

Kwa hiyo mtu akisema, "karafuu imepimwa," swali la kwanza ni: karafuu gani, na imetolewa kwa kitu gani? Mchujo wa spiriti uliopimwa maabara si chai ya karafuu tunayokunywa nyumbani.

3. Kisahani chenye vishimo 96

Mchujo ukiwa tayari, huhitajiwa seli za kuupimia. Maabara nyingi duniani hufuga seli za saratani ndani ya chupa zenye chakula maalumu, katika joto kama la mwili. Zilizo mashuhuri kuliko zote zilitolewa mwaka 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, kutoka katika uvimbe wa shingo ya kizazi ya mama mmoja Mmarekani mweusi aitwaye Henrietta Lacks. Yeye alifariki mwaka huo huo, na hakuombwa ruhusa ya seli zake kufanyiwa utafiti. Seli hizo zinazaliana mpaka leo, na dawa nyingi zimepimwa kwazo.

Mpimaji huchukua kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo 96, safu 8 za vishimo 12, na katika kila kishimo hutia seli kwa idadi iliyo sawa. Siku ya pili hutia mchujo: vishimo vya mwanzo kidogo sana, vinavyofuata zaidi, na kuendelea. Kisha huacha kwa siku mbili au tatu.

Zilizo hai na zilizokufa hujulikanaje? Njia itumiwayo na wengi ilielezwa mwaka 1983 na mtaalamu Tim Mosmann. Hutiwa dawa ya rangi ya manjano. Seli iliyo hai huibadilisha ikawa zambarau, iliyokufa haiwezi. Kisha mashine hupima ukali wa ile zambarau. Rangi ikiwa kali, seli nyingi zi hai. Ikiwa hafifu, nyingi zimekufa.

Tutoe mfano wa hesabu. Vishimo visivyotiwa mchujo vimetoa rangi ya 1.20 katika mashine. Vishimo vilivyotiwa mchujo wa mikrogramu 50 katika kila mililita vimetoa 0.60. Gawa 0.60 kwa 1.20, utapata nusu. Maana yake nusu tu ya uhai wa seli ndiyo iliyobaki. Kiasi hicho cha 50 ndicho wataalamu wakiitacho kiasi cha nusu. Kiasi cha nusu kikiwa kidogo, mchujo una nguvu zaidi. Kipimo kifuatwacho na wengi, kilichotokana na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ni kwamba mchujo mzima usiohesabiwa wenye nguvu ila kiasi chake cha nusu kiwe mikrogramu 20 au chini yake katika mililita. Huo wa mfano wetu basi, ingawa umeua nusu, haukufuzu.

4. Vishimo vya ulinganisho

Mpimaji mwaminifu hujulikana kwa vishimo alivyovitenga kwa ajili ya ulinganisho. Navyo ni vya namna nne.

Kwanza, vishimo vyenye seli na kile kioevu kilichotumika kuyeyushia mchujo, bila ya mchujo wenyewe. Ikiwa kilichotumika ni spiriti, na spiriti peke yake inaua, basi mmea haukufanya lolote.

Pili, vishimo vyenye dawa ijulikanayo ya hospitali, ili kuona kwamba upimaji wenyewe unafanya kazi na kulinganisha nguvu.

Tatu, vishimo vyenye mchujo bila ya seli hata moja. Hivi ni muhimu khasa kwa karafuu. Vitu vilivyomo katika karafuu vina uwezo wa kuibadilisha ile rangi ya manjano ikawa zambarau vyenyewe, bila ya seli. Asiyetenga vishimo hivyo huweza kuandika kwamba seli zi hai na kumbe zimekwisha kufa. Hilo ni kosa la kuipunguzia dawa nguvu, lakini kosa ni kosa, na huonyesha kwamba rangi peke yake si ushahidi wa kutosha.

Nne, na hivi ndivyo vikubwa, vishimo vyenye seli nzima zisizo na saratani. Ikiwa mchujo unaua seli za saratani kwa mikrogramu 30, na seli nzima kwa mikrogramu 30 hizo hizo, basi hatukupata dawa, tumepata sumu. Twaomba mwanachama aliweke neno hili moyoni, kwa sababu tutarudi nalo tukifika kwa karafuu.

5. Kisahani si mwili

Tuseme mchujo umefuzu yote hayo. Bado haujaingia katika mwili. Ndani ya kishimo, seli zimekaa ndani ya dawa siku mbili bila ya kuondoka. Katika mwili, dawa humezwa, hupita tumboni, huingia katika ini, nalo ini huivunja. Kisha figo huitoa.

Tuhesabu tena kwa mfano. Mtu mzima ana maji mwilini kiasi cha lita 40. Ikiwa seli katika kishimo zimehitaji mikrogramu 100 katika kila mililita, basi kuyafikisha maji yote ya mwili katika kiasi hicho kwahitaji gramu 4 za mchujo ziingie zote na zisipotee hata chembe. Lakini hupotea. Yujenoli ya karafuu ikimezwa, ini huifungafunga upesi, na sehemu yake kubwa hutoka katika mkojo ndani ya siku moja. Ili kiasi kile kidumu kwa siku mbili kama katika kishimo, ingempasa mgonjwa anywe tena na tena, mpaka dawa imdhuru kabla ya kuifikia saratani.

Ndiyo maana baada ya kisahani hufuata kazi nyingine. Mchujo hupasuliwa mafungu mafungu, na kila fungu hupimwa tena, mpaka kijulikane ni kitu kipi hasa kifanyacho kazi. Kisha hupewa panya waliotiwa saratani, na hutazamwa je, uvimbe umepungua, na je, panya mwenyewe amesalimika. Yakifuzu hayo ndipo hufikiwa watu, nao kwa daraja tatu. Daraja ya kwanza, watu wachache, ili kujua kiasi kisichodhuru. Ya pili, wagonjwa zaidi, kutazama kama uvimbe unapungua. Ya tatu, wagonjwa mamia au maelfu, wanaogawanywa kwa kura: hawa wapewe dawa mpya, wale wapewe matibabu yaliyokuwapo, kisha huhesabiwa nani wameishi zaidi.

Taasisi ya Saratani ya Marekani ilipima michujo ya mimea zaidi ya 100,000 baina ya mwaka 1960 na 1982. Dawa zilizofika mpaka kwa wagonjwa kutokana na kazi yote hiyo ni za kuhesabu kwa vidole. Mojawapo ni paklitakseli, iliyotoka katika gome la mti wa Marekani, ikaruhusiwa huko mwaka 1992.

6. Ua lililofuzu

Tusije tukadhani kwamba mimea haina dawa ya saratani. Kuna ua dogo lenye petali tano, la rangi ya waridi au jeupe, linaloota uani na makaburini kwetu. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Katika miaka ya 1950, huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walilipima kwa sababu watu wa Jamaika walikuwa wakinywa majani yake kwa kisukari. Kwa kisukari hawakuona faida. Lakini waliona kwamba wanyama waliodungwa mchujo wake wamepungukiwa na chembe nyeupe za damu. Wakafikiri hivi: saratani ya damu ni kuzidi kwa chembe nyeupe, je, kitu hiki hakiwezi kufaa? Mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Baadaye kampuni ya Marekani ikapata vinkristini kutoka katika ua hilo hilo, ikaruhusiwa mwaka 1963. Mpaka leo watoto wenye saratani ya damu hutibiwa kwa vinkristini pamoja na dawa nyingine.

Lakini tazameni mambo mawili. Kupata gramu moja ya vinkristini hutakiwa majani makavu kwa mamia ya kilo. Kwa hiyo kunywa maji ya majani hayo si sawa na kupata dawa. Na vinkristini ni kali mno: hudungwa katika mshipa tu, kwa kiasi kilichopimwa, na mkono wa mjuzi. Hata iliyofuzu hupaswa kuogopwa.

7. Mti wa Shimba

Mfano wa pili upo karibu nasi. Ng'ambo ya mkondo wa Pemba, upande wa Kwale ambako wengi wetu tuna jamaa, ipo milima ya Shimba. Katika misitu yake huota kichaka ambacho wataalamu wa mimea walikiita Maytenus buchananii.

Katika miaka ya 1960 wakusanyaji wa Marekani walichukua mmea wa jamii hiyo kutoka Ethiopia. Mchujo wake ukafuzu katika kisahani, na ukafuzu kwa panya. Mwaka 1972 mtaalamu Morris Kupchan na wenzake walitangaza kitu chenyewe, wakakiita maitansini. Nguvu yake ilikuwa ya ajabu, lakini katika kilo nzima ya mmea mlikuwa na kiasi kidogo mno. Ili wapate ya kutosha kupimia, walikuja kukata ule wa Shimba. Hesabu iliyoandikwa ni kilo 27,215. Waliporudi miaka michache baadaye kutaka zaidi, walipata kwa taabu, kwa kuwa miti ilikuwa haijaota tena vya kutosha.

Je, mwisho wake ulikuwa nini? Katika miaka ya 1970 maitansini ilipewa wagonjwa. Iliwadhuru tumbo na mishipa ya fahamu, na uvimbe haukupungua ila kwa wachache. Ikaachwa. Dawa iliyofuzu katika kisahani na kwa panya, iliyokata msitu wa watu, ilianguka ilipofika kwa binadamu.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1977 wataalamu wa Japani walitangaza kwamba kuna kijidudu cha udongo kitoacho vitu vya jamii hiyo hiyo, na kijidudu hufugwa katika mapipa. Na baada ya miaka mingi, wengine walipata njia ya kuifunga sumu hiyo juu ya kitu kinachoitambua seli ya namna fulani ya saratani ya titi, ili iende kwake na isisambae mwilini. Dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, iliruhusiwa Marekani mwaka 2013, na hutumika mpaka leo. Baina ya kutangazwa kwa maitansini na kuruhusiwa kwa dawa hiyo imepita miaka 41. Na katika kuitengeneza leo, hapana hata tawi moja la Shimba linalohitajiwa.

Mkulima ajifunze mambo mawili hapa. Kufuzu katika kisahani si ahadi ya kuponya. Na dawa ikipatikana kweli, si lazima mwenye mti auze mti.

8. Karafuu yetu imefika wapi

Sasa turudi nyumbani. Maabara za nchi mbalimbali zimechapisha kwamba mchujo wa karafuu, na yujenoli yenyewe, huua seli za saratani katika kisahani. Baadhi wamepima na kwa panya. Khabari hizo ni za kweli, na hatuna sababu ya kuzikanusha.

Lakini mwaka 2006 watafiti wa Uingereza waliyapima mafuta ya karafuu kwa seli nzima za ngozi na za mishipa ya damu ya binadamu. Waliona kwamba mafuta hayo yaliziua hata yalipokuwa sehemu 3 tu katika 10,000, na sehemu kubwa ya madhara hayo ilitoka kwa yujenoli. Kumbukeni vishimo vya ulinganisho vya nne. Kitu kiuacho seli mbaya na seli njema hakijawa dawa.

Ziko pia taarifa za madaktari juu ya watoto wadogo waliokunywa mafuta ya karafuu, mililita 5 mpaka 10 tu, wakapata degedege, wakapoteza fahamu na ini likaharibika. Chupa ya mafuta nyumbani na iwekwe mahali ambapo mtoto hafiki. Karafuu ya kutia katika pilau na chai ni jambo jingine; kiasi chake ni kidogo na watu wameitumia karne nyingi.

Hapana nchi iliyoruhusu dawa ya karafuu kwa kutibu saratani. Katika safari tuliyoieleza, karafuu imefika kwenye kisahani na kwa panya, na bado haijafuzu kwa binadamu.

9. Shauri lililo mbele ya chama

Mfanyabiashara mmoja ameiletea Kamati chupa za maji ya karafuu. Ataka jina na muhuri wa chama chetu utiwe juu ya kibandiko, pamoja na maneno kwamba karafuu imethibitishwa kuua saratani. Kwa kila chupa chama kipate fungu. Ameonyesha na karatasi ya wataalamu kuwa ushahidi wake. Tumeisoma. Ni karatasi ya kweli, na ni ya kisahani.

Kamati haikukataa wala haikukubali. Shauri litapelekwa Mkutano Mkuu. Lakini yatupasa tuseme rai yetu waziwazi, na rai yetu ni kukataa. Fedha hizo tunazihitaji. Paa la ghala lavuja na kila mwanachama alijua hilo. Lakini maneno ya kibandiko kile yatasomwa na nani? Yatasomwa na mama aliyeambiwa hospitali kwamba ana uvimbe, naye aogopa kisu na aogopa nauli ya kwenda Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Ataona muhuri wetu, atatuamini kwa kuwa sisi ndio watu wa karafuu, na atakaa nyumbani na chupa miezi sita. Saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo iwapatayo zaidi wanawake wa Tanzania, ikigunduliwa mapema huweza kutibiwa ikaisha. Baada ya miezi sita huenda ikawa imekwisha kuhama. Chupa haikumuua, imemchelewesha, na kuchelewa ndiko kulikomuua.

Wapo wenzetu wasemao kwamba kukataa ni kuwadharau waganga wetu na dawa za wazee. Hoja hiyo twaiheshimu, na jawabu letu ni kwamba ua la Madagaska lilipimwa kwa sababu watu wa kawaida walikuwa wakilitumia. Anayeona dawa ya mzee wake ina nguvu, na ailete ipimwe, pamoja na jina la mti, mahali ulipo na namna inavyochemshwa, na haki ya mwenye kujua iandikwe kabla ya jani la kwanza kutoka. Kupima ndiko kuiheshimu. Na kila atakaye kuuza kitu kwa jina la dawa, mlango wake ni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, wala si muhuri wa chama cha wakulima.

Pia tusiogope kwamba tukikataa, karafuu itashuka thamani. Karafuu ina soko lake kwa viungo, kwa manukato na kwa dawa ya meno, ambako kazi yake inajulikana. Jina la karafuu yetu limejengwa kwa usafi na ukweli wa mizani. Likitiwa juu ya ahadi isiyo ya kweli, ahadi ikivunjika jina litavunjika nalo.

10. Maswali ya kumwuliza kila aletaye dawa

Tumeyaweka haya mwishoni ili mwanachama ayakate na kuyahifadhi.

(1) Mti gani hasa, sehemu gani ya mti, na umetolewa kwa maji, spiriti au kitu kingine?

(2) Umepimwa katika kisahani, kwa panya, au kwa watu?

(3) Kiasi cha nusu ni kipi, na mwili wa mtu waweza kukifikia bila ya kudhurika?

(4) Umefanya nini kwa seli zisizo na saratani?

(5) Ikiwa umepimwa kwa watu, walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, na wangapi waliishi zaidi?

(6) Mwenye kuuza amwambia mgonjwa aendelee na hospitali, au aiache?

Asiyeweza kujibu swali la pili hana haja ya kuulizwa la tatu. Na amwambiaye mgonjwa aache hospitali, msimsikilize hata akijibu yote.

Mwanachama mwenye uvimbe usiopona, kidonda kisichofunga, au mwanamke atokwaye na damu isiyo ya wakati wake, aende hospitali wiki hii. Akipenda, anywe na chai yake ya karafuu njiani; lakini aende.

Mkutano Mkuu utapiga kura juu ya shauri la kibandiko. Tafadhalini njooni kwa wingi, na kila mmoja aje na somo hili mkononi.

Katibu wa Chama